Sentensi Niliyoifuta Mara Tano

Mmeniomba, ninyi walimu vijana mnaoanza kufundisha Kiingereza, niwaandikie nilikuwa nasahihishaje madaftari. Nadhani mlitaka orodha: kosa hili alama moja, kosa lile alama mbili. Orodha hiyo ninayo na mtaiona, ila kwanza mjue mnamwuliza mtu wa namna gani. Mimi ni mtu ambaye barua ya kumpa pole shemeji naiandika mara tatu. Karatasi hii mnayoisoma ni ya nne. Zile za mwanzo zimewashia jiko asubuhi, na hata hii naiona ina kasoro. Nimestaafu kazi, ila wasiwasi wangu haujastaafu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopewa darasa la saba katika shule ya kati, si mbali na Bungu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Walimu walikuwa haba, na mtu aliyeweza kusoma barua ya Kiingereza mpaka mwisho bila kukohoa alihesabiwa mtaalamu. Chuo cha ualimu sikukanyaga. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe huko Utete, nikifagia ofisi moja ya serikali. Karatasi zilizotupwa kapuni nilikuwa nazikunjua, naenda nazo nyumbani, nazisoma kwa sauti kama mtoto anayesoma chuo cha Kurani. Ndiyo maana mwaka wangu wa kwanza watoto wa Bungu walimaliza barua za kuwaandikia bibi zao kwa maneno haya: mimi, Bwana, nina heshima ya kuwa mtumishi wako mtiifu. Sikujua kuwa kuna njia nyingine ya kuaga.

Niliogopa. Naandika wazi kwa sababu najua baadhi yenu mnaogopa vilevile na mnaona haya kusema. Niliogopa kwamba asubuhi moja mtu aliyesoma kweli atasimama mlangoni, asikilize dakika tano, kisha aseme, "Huyu hajui." Basi mtu anayeogopa hutafuta cha kujikingia. Mimi nilijikinga kwa kanuni.

Zilikuwa kumi na moja, nimeziandika kwa wino mweusi kwenye karatasi ngumu na kuzibandika karibu na ubao. Kila insha ilikuwa na alama ishirini. Herufi iliyokosewa, toa moja. Nukta iliyosahauliwa, toa moja. Kazi isiyokuwa na pambizo, toa mbili. Daftari lenye doa la mafuta, toa mbili, na nyumba ambazo mtoto anasomea kando ya kikaango mnazijua. Kanuni ya nne ndiyo niliyoipenda zaidi: sentensi isirudiwe, kila ikirudiwa, toa mbili. Niliiokota kwenye kitabu kimoja kilichokuwa hakina jalada, kilichosema kurudia ni alama ya akili isiyofunzwa. Niliposoma hayo nilijiona mimi, nikaapa hakuna mtoto wa darasa langu atakayeonekana hivyo.

Kanuni ya kumi na moja ilikuwa kibao. Wazee wenu waliosoma zamani watawaambia. Ni kipande cha mti ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba. Mtoto akisema Kiswahili wakati wa saa za Kiingereza anavishwa shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Atakayekutwa nacho saa za kutoka, anafagia darasa peke yake. Nilidhani kibao kitawafundisha Kiingereza. Kiliwafundisha kunyamaza. Darasa langu lilikuwa kimya kuliko msikiti siku ya Jumanne, na mimi nikauita ukimya ule nidhamu.

Kulikuwa na kijana mmoja, Athumani, mtoto wa Maparoni, kule bondeni kando ya mto. Mwaka ule mto ulipanda mara mbili, mpunga wao wa bondeni ukaoza ukiwa bado kijani, na mama yake akawachukua watoto wakahamia huku juu barabarani. Siku moja nafundisha, Athumani akasimama katikati ya somo, kidole kimeelekea chini ya meza yangu.

"Mwalimu! Mwalimu!" akasema, kwa Kiingereza.

"Sentensi kamili, Athumani."

Akaanza taratibu, kwa Kiingereza safi, kusema kwamba chini ya meza ya mwalimu kuna... Akakwama. Hakujua neno.

"Kuna nini?" nikamwuliza, mkali.

Akainua mkono akaupitisha hewani ukijipinda. Mimi nikadhani anacheza. Ndipo nikaona miguu: darasa zima, kimya kimya, limepanda juu ya madawati, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo maana hakuna aliyetaka kufagia. Nikatazama chini. Nyoka alikuwa amejikunja kando ya sanduku la chaki. Mimi niliruka mpaka dirishani nikipiga ukelele wa "Mama yangu weee!" kwa Kiswahili cha kwetu kisichokuwa na nukta.

Hakuna mwanafunzi aliyethubutu kunivika kibao. Aliyenivika ni Mwalimu Mbonde, saa ya chai, mbele ya walimu wote. Huyu Mbonde alifundisha hesabu, alikuwa amenizidi miaka ishirini, kwao milimani Umatumbini. Akanitia kamba shingoni kama anayemvisha bwana harusi, akasema, "Kijana, sheria yako nzuri, ila nyoka hakuisoma." Mimi nilicheka pamoja nao, na mchana nikaenda kuongeza msamiati wa wanyama. Kanuni sikuiondoa. Mnaona nilivyokuwa.

Sasa niwaambie juu ya Siwema.

Siwema alikaa safu ya pili, msichana mwembamba, hakusema mengi. Aliishi na bibi yake, Bi Mgeni, mama wa baba yake, mtu wa milimani kama Mbonde, aliyekuja kuhamia barabarani miaka mingi nyuma. Jumatatu moja niliwapa darasa insha: eleza kazi moja ya nyumbani inavyofanywa, hatua kwa hatua, mpaka mgeni asiyeijua aweze kuifanya. Wengi wakaandika kupika chai. Athumani akaandika kutega samaki kwa uzio, akaniacha palepale kwenye uzio maana hakusema samaki anatokaje. Siwema akaandika namna ya kutayarisha ndiga.

Kwa wale mliokulia mjini: ndiga ni viazi vya porini. Unavichimba msituni, vinajaza tumbo kama muhogo, ila vina sumu. Ukivila bila kuvitayarisha unalewa bila pombe, unatapika, unaweza usiamke. Mwaka ule chakula kilikuwa adimu, na watu wa milimani walikuwa wameanza kutoka na majembe kuvitafuta. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuvila. Nilizaliwa bondeni, kwetu ni wali na samaki, na njaa ikija tulikula visamaki bila wali.

Insha yake ilikuwa hivi, naitia kwa Kiswahili. Chimba ndiga. Menya. Kata vipande vyembamba uone mwanga upande wa pili. Loweka. Ngoja. Mwaga maji, tia mengine, ngoja. Mwaga maji, tia mengine, ngoja. Mwaga maji, tia mengine, ngoja. Na tena, na tena, na tena, sentensi ileile mara sita. Kisha chemsha.

Ndugu zangu, nilifurahi kama mwindaji. Marudio matano! Mara mbili, alama kumi zimekwenda. Herufi tatu, alama tatu. Akabaki na saba. Lakini nilipokwisha kumkata nikaona kuwa mpangilio wake ulikuwa bora kuliko wa darasa zima, hakuna hatua iliyotangulia nyingine. Nikaingiwa na tamaa ya kuitengeneza. Nikafuta sentensi tano, nikabakisha moja. Hiyo moja nikaiona kavu, nikaondoa "ngoja" nikaweka "baada ya muda mfupi," kwa sababu ililainisha sikio. Nikaisoma kwa sauti peke yangu chumbani. Ilikuwa nzuri mno. Nilijivunia kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiandika mwenyewe.

Alhamisi nikaiandika ubaoni yote, kwa mwandiko wangu bora, nikaliambia darasa linakili. "Hii," nikawaambia, "ndiyo insha isiyokuwa na kosa."

Siwema akainua mkono. Akasimama, akasema kwa Kiingereza, "Mwalimu, haijaisha."

"Imeisha. Tazama, ina mwanzo, ina kati, ina mwisho."

"Haijaisha, Mwalimu."

"Eleza kwa nini."

Akafungua mdomo. Niliona midomo yake ikitafuta. Akatazama kibao kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari, akanitazama mimi, akakaa. Nikaendelea na somo. Hapo ndipo nilipokosea, wala si kwenye wino mwekundu tu. Mtoto aliyekuwa anajua alikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nimemfunga ulimi wenye maelezo.

Shuleni kwetu kulikuwa na utaratibu wa Ijumaa. Wazazi wengi walikuwa hawasomi, basi kila Ijumaa mtoto alitakiwa kumsomea mzazi kile alichonakili juma lile, kwa Kiswahili, wazazi wapate kuonja shule. Utaratibu mzuri; kama mnaweza, ufufueni. Ijumaa ile insha yangu isiyokuwa na kosa ikaingia katika nyumba thelathini na tano.

Jumamosi asubuhi nikiwa napiga mswaki nje ya chumba changu, nikamwona bibi mmoja anakuja na fimbo, Siwema nyuma yake anatazama ardhi. Mwalimu Mbonde, tuliyekaa naye ua mmoja, alikuwa ananyoa ndevu kibarazani.

"Shikamoo Bibi," nikasema, povu mdomoni.

"Marahaba. Mwalimu wa Kizungu ni yupi hapa?"

"Ni mimi Bibi, karibu."

Akanipima kutoka kichwani mpaka kwenye ndala. "Ala! Miye nilidhani mtu mzima. Kumbe ni weye?" Akamgeukia Mbonde. "Nanyi mnawapa watoto wawafunze watoto?"

"Wametuishia wakubwa, Mama," akajibu Mbonde.

Bibi hakucheka. Akanielekezea fimbo. "Jana mjukuu wangu kanisomea. Maji yangu matano yako wapi?"

Sikuelewa. Nikaanza kumweleza, Mungu anisamehe, juu ya kanuni ya nne. Kwamba katika lugha ya Kiingereza iliyofunzwa vyema...

"Mwanangu," akanikatiza, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda, "ndiga haijui Kiingereza. Ndiga inajua maji. Maji sita, alfajiri na magharibi, siku tatu. Ukitia moja unaua."

Mbonde aliacha kunyoa. Upande mmoja wa shavu lake ulikuwa na sabuni mpaka tulipoondoka pale. "Umewapa wangapi karatasi hiyo?" akaniuliza.

"Wote," nikasema.

Mbonde akaleta baiskeli yake, nami ya kuazima, na Bi Mgeni akasema yeye atakwenda kwa miguu na atafika kabla yetu. Siwema alijua kila mwanafunzi anakaa wapi. Tukaanza nyumba kwa nyumba, kwanza za watu wa milimani, maana ndio walao ndiga.

Nyumba za watu wa milimani zilitupokea kwa kicheko. Mzee mmoja alimwita mkewe aje aone mwalimu wa ndiga ya muda mfupi. "Mtoto alipotusomea," akasema, "tulidhani ni ndiga ya Ulaya, ile inaiva kwa barua!" Nilitaka ardhi inimeze, lakini kila waliponicheka nilizidi kupata nafuu, maana aliyecheka ni yule aliyejua. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumepita nyumba zote hizo, na Mbonde akaanza kusema pengine hakuna madhara.

Tulimkuta Bi Mgeni njiani amekaa kwenye gogo. Nikamwuliza, kwa hofu tu ya kukaa kimya, nani alimfundisha maji sita. Kabla ya hapo nilikuwa sijamwuliza mtu mzima swali ambalo jibu lake sikuwa nalo tayari.

"Mama yangu," akasema. "Wakati wa vita ya Maji Maji miye mdogo, nimeng'oka meno ya mbele. Askari wa Mdachi walichoma ghala, walichoma na mbegu. Tukashuka kutoka milimani tukakaa vichakani. Ndiga zipo, watu wana njaa. Mwenye njaa hana subira ya siku tatu. Kaka zangu wawili walikula kwenye maji ya pili." Akapangusa fimbo yake vumbi. "Basi mama akanikalisha mtoni na kapu. Miye kuhesabu sijui. Akanambia, kila ukimwaga sema kwa sauti: namwaga maji, natia mengine, nangoja. Nikikwisha kusema naye anafunga fundo kwenye ukindu. Mafundo yakiwa sita, tunawasha moto."

"Na ile dawa, Mama, yale maji ya vitani ya kuzuia risasi?" akauliza Mbonde, ambaye babu yake alipigana. "Uliyaona?"

"Ya vitani waulize wanaume. Miye nayajua ya kapuni."

Siwema alikuwa amesimama karibu yetu. Nikamwuliza, kwa Kiswahili, "Kwa hiyo zile sentensi sita..."

"Ndiyo mafundo, Mwalimu," akasema. "Bibi akiosha hasemi 'mara sita.' Anasema moja moja. Nilidhani nikiandika mara moja, mtu atafanya mara moja."

Mtoto wa darasa la saba. Mimi nilitaka mgeni asiyejua kazi aweze kuifanya, hayo ndiyo yalikuwa maelekezo yangu mwenyewe, na ni yeye peke yake aliyemfikiria mgeni huyo.

Hapo ndipo neno "mgeni" liliponichoma. Tulikuwa tumepita nyumba za watu wa milimani. Wa bondeni je? Nani katika darasa langu hakuwahi kula ndiga, na mwaka huu hana mpunga?

"Athumani," tukasema pamoja, mimi na Siwema.

Mama yake Athumani alikuwa amepewa kibanda nyuma ya soko dogo la barabarani. Tulipofika moshi ulikuwa unatoka jikoni. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti, kanga kaifunga kiunoni, na alipotuona alifurahi.

"Karibuni walimu! Leo mmebahatika, mtakula kazi ya mikono yenu!" Akafunua chungu. Vipande vyembamba vyeupe, vimekatwa vyema sana, vinatokota.

"Mama Athumani, ipua," nikasema.

"Bado havijaiva."

"Ipua tafadhali. Havijaoshwa."

"Nimeviosha! Nimeloweka jana jioni, leo nimemwaga nikatia mengine, muda mfupi, kama karatasi. Athumani, lete daftari." Athumani akaleta. Mama hakujua kusoma, lakini aliweka kidole juu ya alama niliyotia, tiki kubwa nyekundu. "Hii si mkono wako?"

"Ni wangu."

"Basi?"

"Nimekosea."

Nadhani hakunichukia wakati ule, alishangaa tu. "Mwalimu," akasema polepole, "miye kuomba jirani anifunze kula mizizi niliona haya. Mtu wa Maparoni, nina shamba la mpunga, niende kuuliza watu namna ya kula vya porini? Mtoto alipokuja na karatasi ya shule nikasema alhamdulillahi, shule imenisitiri. Sasa waniambia karatasi ya shule ni uwongo?"

Bi Mgeni, aliyekuwa amefika akihema, hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama mlangoni, ambako mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, mdogo wake Athumani, alikuwa anatoka ameshika ukuta. Alitembea hatua mbili, akaegemea, akacheka peke yake.

"Huyu amekula," akasema Bi Mgeni.

"Hajala kitu, nimemwambia angoje!" mama akalia.

"Mwajuma," Athumani akamwita mdogo wake, "umedokoa chunguni?"

Mwajuma akainua vidole viwili, kisha macho yake yakaanza kufumba.

Mbonde alikuwa juu ya baiskeli kabla sijageuka, kwenda kumtafuta dresa wa zahanati. Bi Mgeni alimkalisha mtoto mapajani, kichwa juu, akampa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, akawa anampigapiga mashavu na kumwimbia kitu cha Kimatumbi. "Usilale, mama. Usilale, mwali wangu." Mama Athumani alikaa chini akamshika mtoto miguu. Mimi nilisimama katikati ya ua na daftari mkononi. Naandika haya kwa aibu: katika dakika zile niliona kwamba nukta moja katika ile insha haikukaa vyema.

Mwajuma alitapika. Alitapika mara mbili, tatu, kisha akalia, na Bi Mgeni akasema kilio hicho ndicho alichokuwa anakingojea. Dresa alipofika na Mbonde alasiri imeingia, akamtazama macho, akamsikiliza kifua, akasema amekula kidogo, atapona, asipewe kitu kigumu leo. Kisha akauliza nani alimfundisha mama huyu kupika ndiga hivyo. Mama Athumani alikuwa na haki ya kunyoosha kidole na hakukinyoosha. Ilibidi niseme mwenyewe.

Mimi na Mbonde tulichimba muhogo shambani kwake tukawapelekea, na Bi Mgeni akasema ndiga zilizobaki mbichi zisitupwe. "Zioshwe sawasawa," akasema, "na atakayeziosha ni huyu." Fimbo ikanielekea tena. Jioni ileile nikaloweka. Kila alfajiri kabla ya shule, na kila magharibi, nilikuwa kwenye ua ule nimechuchumaa juu ya sufuria, Mama Athumani amekaa mlangoni hasemi nami, bibi amekaa kwenye kigoda.

"Sema," bibi ananiambia.

"Namwaga maji, natia mengine, nangoja."

"Kwa sauti. Wajukuu wangu wamekusikia ukipiga kelele ya nyoka."

Jumatatu niliingia darasani na kibao nikakitia sandukuni. Nikafuta ubao. Nikamwomba Siwema asimame aeleze insha yake kwa Kiswahili, na darasa liulize. Mwanzoni walinitazama kama mtego. Kisha Athumani akauliza sumu inakwenda wapi maji yakimwagwa, je, kuku akiyanywa? Mwingine akauliza kwa nini muhogo mtamu hauleweshi. Mwingine, nani wa kwanza kugundua maji ni sita, na huyo kabla ya kugundua alikula maji mangapi? Maswali yalimwagika. Mengi sikuyajua, nikasema "sijui" mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, na paa halikuanguka. Baadaye tukaiandika tena kwa Kiingereza, sentensi sita zote mahali pake, pamoja na siku tatu zake, kila mtoto akanakili na kupeleka kwao.

Mtaniuliza nilimpa Siwema ngapi. Kumi na saba. Herufi tatu zilikuwa zimekosewa kweli, na mimi bado nilikuwa mimi. Ila tangu siku ile, nikiona kitu kwenye daftari kinanikera na sijui kwa nini mtoto amekiandika, sikukipiga mstari. Nilitia kialama cha kuuliza pembeni kwa penseli, nikamwita mtoto, nikamwuliza, kwa lugha yoyote anayoweza kunijibu. Mara tisa kati ya kumi ni kosa tu, mlifute. Hiyo moja iliyobaki ndiyo iliyonifanya nipende kazi hii mpaka nikastaafu nayo. Kanuni zangu nyingine zilibaki, hata ya pambizo. Pambizo ni kitu kizuri. Bila hiyo kialama chenu cha kuuliza mtakitia wapi?

Jumanne magharibi nilimwaga maji ya sita. Jumatano mchana baada ya shule nikakuta Mama Athumani ameshavichemsha. Sufuria ilikuwa katikati ya ua, imefunikwa kwa jani la mgomba. Athumani alikuwepo, Siwema alikuwepo, na Mwajuma, amepona, amekaa mbali na sufuria akiitazama kama mbwa aliyemng'ata.

"Ataonja nani?" akauliza Mama Athumani. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Jumamosi.

Bi Mgeni akachukua kipande akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa cha moto, cheupe, hakina harufu. Nikakumbuka kila mara niliyomwaga, nikazihesabu upya moyoni, alfajiri tatu, magharibi tatu, nikaogopa kwamba ya Jumapili nilifanya haraka. Nikala. Ladha yake ilikuwa kama kiazi kilichosahau utamu. Nikala cha pili.

Tukakaa. Bi Mgeni alisogeza kigoda chake mbele yangu, goti kwa goti, akawa ananitazama macho, jicho la kulia, la kushoto, la kulia. Akaniambia nimtajie majina ya wanafunzi wangu wote kwa mpangilio, nikamtajia thelathini na watano. Akanitaka nisimame nitembee mpaka kwenye uzio na kurudi. Nikatembea. Kivuli cha jiko kilikuwa kimefika miguuni mwa Mama Athumani bibi alipoegemea nyuma, akapumua, akamgeukia.

"Haya," akamwambia. "Mpe mtoto."